Mla mboga mjini Mumbai na bei ya mbaazi za kwetu

Mfanyabiashara wa Kariakoo anayekwenda Mumbai kufuata vitambaa, dawa au vipuri huwa amejiandaa kwa mengi. Anajua bei za msimu uliopita, anajua gharama za kontena, na anajua kwamba kuanzia Juni hadi Septemba mvua ya huko inaweza kusimamisha shughuli za siku nzima. Jambo ambalo wengi hulisahau ni tumbo. Siku ya tatu mtu amechoka na biskuti za hotelini, hajui kilichomo katika mchuzi anaoletewa, na anaanza kuuliza wenzake wapi pa kula.

Kwa asiyekula nyama, au asiyetaka kula nyama ambayo hajui imechinjwa vipi, Mumbai ni miongoni mwa miji mikubwa iliyo rahisi kuliko yote duniani. Sensa ya India ya mwaka 2011 ilihesabu watu milioni 12.4 katika mji wenyewe, bila kuhesabu vitongoji vilivyo nje ya mipaka yake, na sehemu kubwa ya wakazi hao hula nje kila siku ya kazi. Msafiri anaweza kukaa huko mwezi mzima akila nje mchana na jioni bila kurudia chakula kimoja na bila kuona kipande cha nyama.

Lakini mkulima wa Babati, mnunuzi wa Nachingwea na mwenye ghala wa Mtwara nao wana sababu ya kuijua sahani hiyo. Kinachowekwa juu yake ni mbaazi, dengu, korosho na karanga. Mahitaji ya vibakuli vile, pamoja na amri za serikali inayovilinda, ndiyo yaliyomtajirisha mtu kwa mbaazi mwaka 2015 na kumfilisi mwenzake mwaka 2017.

SI KILA MHINDI ASIYEKULA NYAMA

Kwanza ni vema kuondoa dhana moja iliyoenea sana kwetu. Wahindi wengi hula nyama. Utafiti wa Pew Research Center uliotolewa mwaka 2021 ulionyesha kuwa asilimia 39 tu ya watu wazima wa India walijitaja kuwa hawali nyama kabisa. Wengi waliobaki hujizuia kwa namna fulani, mathalani kwa kuacha nyama za aina fulani au kutokula nyama siku fulani za juma. Kwa Wajaini, ambao ni dini ndogo lakini yenye wafanyabiashara wengi, kiwango kilifika asilimia 92.

Mumbai yenyewe ulikuwa mji wa wavuvi kabla haujawa mji wa pamba. Wakoli, wenyeji wa visiwa vyake, mpaka leo wanauza samaki. Mtaa wa Mohammed Ali, ambao wasafiri wengi kutoka Afrika Mashariki huufahamu kwa sababu ya nyumba zake za wageni na misikiti, ni mtaa wa nyama choma na biriani. Atakayefikia hapo akategemea kupata chakula cha mboga mlangoni atahangaika bure, ilhali ni mwendo mfupi tu kwa miguu kufika Kalbadevi na Bhuleshwar, mitaa ya Wagujarati na Wamarwari ambako hali ni kinyume kabisa. Ni mitaa hiyo hiyo yenye masoko ya nguo ya Mangaldas na Mulji Jetha, kwa hiyo mnunuzi wa vitambaa hana haja ya kupanda teksi kufuata chakula cha mchana.

Suala hili hugeuka ugomvi mara kwa mara. Mwaka 2015 amri ya kuzuia uuzaji wa nyama siku kadhaa za Paryushan, mfungo wa Wajaini, ilifikishwa Mahakama Kuu ya Bombay nayo ikasimamisha marufuku hiyo ndani ya mji. Mgeni hana sababu ya kuingia katika ubishi huo. Inatosha kujua kwamba akiona mtaa mzima hauna hata yai, hilo halikutokea kwa bahati.

KIBAO CHA MLANGONI

Migahawa isiyo na nyama kabisa huandika mlangoni maneno ya Kiingereza "Pure Veg". Maana yake ni kwamba jiko zima halijaingiza nyama, samaki wala yai. Mgahawa usio na kibao hicho unaweza kuwa na vyakula vingi vya mboga, lakini sufuria, kikaango na mafuta huenda vinatumika pamoja na kuku. Kwa mwenye kujali jambo hilo, kibao ndicho kinachoamua.

Hapa lugha yetu ina mtego wake. Kwa Mswahili "mboga" ni chochote kinachosindikiza ugali au wali, na mama lishe anapouliza "mboga gani?" jibu linaweza kuwa nyama, maharage au dagaa. Msafiri mwenye mazoea hayo akiambiwa chakula ni cha mboga hudhani ni majani. La hasha. Sahani ya mboga ya Mumbai imejaa nafaka, jamii ya kunde, maziwa na samli, na majani ni sehemu ndogo.

Yai kwa Wahindi si chakula cha mboga. Maziwa, mtindi, samli na jibini ni chakula cha mboga. Kwa hiyo mtu ambaye hatumii hata maziwa atapata shida zaidi kuliko anavyotarajia, kwani samli hupakwa kwenye chapati na humiminwa juu ya wali bila kuuliza. Inabidi aseme mapema. Neno la kumwambia mhudumu kwamba hali nyama ni *shakahari*. Neno la yai ni *anda*. Maneno hayo mawili yanatosha kuokoa mlo.

Kuna pia chakula cha Kijaini. Hiki hakina kitunguu, kitunguu saumu, kiazi, karoti wala chochote kilichong'olewa ardhini. Migahawa mingi ya mji ina orodha ya pembeni kwa ajili yao, na wapishi wake wamekuwa mafundi wa kuleta ladha kwa mvuje, tangawizi kavu, nyanya na ukwaju badala ya vitunguu. Ndizi mbichi hushika nafasi ya kiazi. Mlaji ambaye si Mjaini anaweza kuiagiza kwa udadisi tu, na mara nyingi hatajuta.

Kwa vyakula vilivyofungashwa dukani, sheria ya India inataka alama. Nukta ya kijani ndani ya mraba wa kijani maana yake hakuna nyama wala yai. Kisicho cha mboga zamani kilikuwa na nukta ya kahawia, na sasa ni pembetatu ya kahawia ndani ya mraba, kwa sababu watu wasiotofautisha rangi walikuwa wakikosea. Mfanyabiashara anayetaka kupeleka bidhaa zilizosindikwa kwenye soko hilo, iwe korosho zilizokaangwa au siagi ya karanga, ajue kuwa alama hiyo ni sharti.

SINIA LA KALBADEVI

Mlo ambao mgeni hapaswi kuukosa ni sinia la Kigujarati. Mfano unaojulikana sana ni Shree Thaker Bhojanalay, uliopo Kalbadevi tangu mwaka 1945. Hakuna kuchagua chakula kimoja kimoja. Mtu anaketi, sinia la chuma lenye vibakuli vidogo linawekwa mbele yake, na wahudumu wanapita kwa zamu na ndoo zao: mmoja ana vitafunwa vya kukaanga, mwingine mboga mbili tatu, mwingine kunde zilizochipua, mwingine dali, mwingine mchuzi wa mtindi, mwingine chapati nyembamba zinazotoka moto. Tamu inakuja pamoja na chumvi, si baada yake. Bei ni moja, na kuongezewa hakuna kikomo.

Mpenda chakula asiyejua utaratibu hushiba dakika kumi za kwanza kwa vitafunwa na chapati, kisha huona vitu vizuri vikimpita. Wenyeji hula polepole, huonja kila kibakuli kabla ya kuomba nyongeza, na huacha nafasi ya wali na dali mwishoni. Mkono ukifunika sinia, mhudumu ataelewa. Asipofunika, ataendelea kumiminiwa.

Mfanyabiashara atajiuliza mara moja mwenye mgahawa anapataje faida. Jibu lina sehemu kadhaa. Hana gharama kubwa ya majokofu ya nyama. Kunde, mchele, unga na viungo ni vitu vikavu vinavyokaa ghalani, kwa hiyo ananunua kwa gunia wakati wa msimu na kuepuka kupanda kwa bei. Anapika vyakula vile vile kwa wote, hivyo hakuna kinachobaki kwa sababu mteja amechagua kingine. Meza haikai na mtu saa mbili, kwa kuwa chakula kinafika papo hapo. Na mlaji mkubwa mmoja hufidiwa na wawili watatu wanaokula kidogo. Ni hesabu ile ile ya bima.

Udhaifu wa biashara hiyo uko sehemu moja. Bei ya sinia imeandikwa ukutani, na mwenye mgahawa hawezi kuipandisha kila bei ya kunde inapopanda bila kuwaudhi wateja wa kila siku. Tuchukue mfano wa hesabu. Kibakuli cha dali kinahitaji takriban gramu 35 za mbaazi zilizokobolewa, kwa hiyo kilo moja inatoa vibakuli 28 hivi. Oktoba 2015, baada ya mvua kuwa haba miaka miwili mfululizo, kilo ya dali ya mbaazi katika maduka ya miji ya India ilifika karibu rupia 200. Kila kibakuli kikagharimu zaidi ya rupia 7 kabla ya kuni, viungo na mshahara, na mlaji alikuwa na haki ya kuomba cha pili na cha tatu. Dali ikianza kuwa nyepesi kama maji ya mchele, wateja wanajua sokoni kuna nini.

Kwa upande wa malipo, migahawa ya kawaida hutoza kodi ya asilimia 5 juu ya bili tangu Novemba 2017. Kiasi kinachoongezwa kwa jina la huduma ni jambo jingine. Mamlaka ya kuwalinda wateja ilielekeza mwaka 2022 kwamba kisiwe cha lazima, na mteja anaweza kuomba kiondolewe.

MATUNGA, MITAA YA WATU WA KUSINI

Treni ya mji inampeleka msafiri Matunga kwa nauli ndogo. Hapa walikaa wahamiaji kutoka kusini mwa India, nao wakaja na migahawa yao. Mingi huitwa ya Udupi, kwa jina la mji wa pwani ya Karnataka wenye hekalu maarufu la Krishna, ambalo chimbuko lake ni mwanachuoni Madhva wa karne ya 13. Wapishi wa huko, waliozoea kulisha mahujaji, walitawanyika katika miji mikubwa wakifungua migahawa safi, ya haraka na ya bei nafuu.

Udipi Shri Krishna Boarding, mgahawa wa Rama Nayak karibu na kituo cha treni cha Matunga, ulianza mwaka 1942, na mlo wake unaweza kuletwa juu ya jani la mgomba. Cafe Madras, mwendo mfupi kutoka hapo, ilianza mwaka 1940, na asubuhi ya Jumapili foleni hufika barabarani. Watu hujiandikisha majina na kusimama wakisubiri kuitwa, na wageni wasiojuana hukalishwa meza moja. Asiyependa kula akitazamwa na wanaosubiri nyuma ya kiti chake aende siku ya kazi.

Vyakula vikuu ni viwili. *Idli* ni mkate mweupe wa mvuke, na *dosa* ni kama chapati nyembamba iliyokauka vizuri pembeni. Vyote hutokana na mchele na kunde nyeusi ziitwazo urad, zilizolowekwa, zikasagwa na kuachwa usiku kucha ziumuke. Anayejua mkate wa kumimina wa Zanzibar hatashangaa ule uchachu mdogo. Vyote huletwa na chatini ya nazi na bakuli la *sambar*, mchuzi wa mbaazi zilizopondwa pamoja na ukwaju, mboga na majani ya bizari. Kahawa huja mwisho, ikiwa na povu, katika bilauri ya chuma isiyoshikika kwa joto.

Sambar hiyo inaongezwa bure karibu kila mahali. Ukijumlisha migahawa yote ya aina hiyo nchini India, pamoja na nyumba ambazo dali ya mbaazi hupikwa karibu kila siku, utaona kwa nini nchi inayoongoza duniani kwa kulima mbaazi ndiyo hiyo hiyo inayoongoza kwa kuziagiza kutoka nje.

KITAFUNWA CHA BARABARANI

Chakula cha mtu mwenye haraka ni *vada pav*: kiazi kilichopondwa na viungo, kikachovywa katika uji wa unga wa dengu, kikakaangwa na kubanwa ndani ya mkate mdogo pamoja na chatini na pilipili ya kukaanga. Wa Mombasa watamtambua ndugu yake viazi karai, na wa Dar es Salaam wataiona bhajia yao. Ashok Vaidya ndiye anayetajwa kuwa wa kwanza kuiuza, nje ya kituo cha treni cha Dadar, mwaka 1966. Mgomo mkubwa wa viwanda vya nguo wa mwaka 1982, uliohusisha wafanyakazi takriban 250,000 na ambao viwanda vingi havikupona baada yake, uliwaacha watu wengi bila kazi, na kigari cha vada pav kikawa mtaji wa baadhi yao.

Fukwe ya Chowpatty ina *bhel puri*, mchanganyiko wa mchele uliopasuliwa kwa joto, tambi za unga wa dengu, kitunguu na chatini ya ukwaju. Kwa anayetaka vitafunwa hivi akiwa ameketi mezani, Swati Snacks ya Tardeo, iliyoanza mwaka 1963, ina sifa ya *panki*, uji wa mchele unaopikwa katikati ya majani mawili ya mgomba hadi ukawa kama karatasi. Mahali popote pa barabarani kanuni ni ile ile ya nyumbani: kula kilichotoka kwenye mafuta sasa hivi, na jihadhari na maji na chatini mbichi, hasa miezi ya mvua. Homa ya tumbo ya siku mbili huweza kumkosesha mtu meli.

Migahawa yenye vitambaa mezani hutumia bidhaa yetu nyingine. Ule mchuzi mzito mweupe au mwekundu unaofunika jibini hupatikana kwa kusaga korosho. Korosho ghafi ya Mtwara na Lindi hununuliwa kwa wingi na Wahindi pamoja na Wavietinamu, ikabanguliwa kwao. Aliyeiuza ghafi mnadani anaweza kuketi Mumbai na kulipa bei ya kokwa ndani ya bakuli la mchuzi. Ni chakula kitamu, lakini kina uchungu wake.

ILIVYOKUWA MWAKA 2017

Sasa turudi kwenye mbaazi. Zao hili huvunwa Tanzania kuanzia Agosti hivi, katika Manyara, Arusha na Dodoma kwa upande wa kaskazini na kati, na Lindi na Mtwara kwa upande wa kusini. Mbaazi za India hupandwa na mvua za Juni na Julai na kuvunwa kuanzia Desemba na kuendelea. Pengo hilo la miezi michache ndilo duka letu. Mzigo unaofika Mumbai au bandari nyingine Septemba na Oktoba hukuta maghala yao yamepungua na sikukuu zimekaribia. Unaofika Januari hukuta mavuno mapya.

Bei za 2015 na 2016 ziliwavuta wengi. Serikali ya India, ikiwa na hofu ya hasira za wateja, ilihimiza wakulima wake walime zaidi, na Julai 2016 ilitia saini makubaliano na Msumbiji ya kununua kunde kwa miaka kadhaa, yakianzia tani 100,000 kwa mwaka. Wakulima wa India waliitikia kuliko ilivyotarajiwa. Mavuno ya mbaazi ya nchi hiyo, yaliyokuwa tani milioni 2.5 hivi msimu wa 2015/16, yalipanda hadi karibu tani milioni 4.9 msimu uliofuata. Bei ikaanguka chini ya kima cha serikali cha rupia 5,050 kwa kilo 100.

Mwezi Agosti 2017, mavuno ya kwetu yakiwa ndiyo yanaingia, India ikatangaza kuwa uagizaji wa mbaazi hautazidi tani 200,000 kwa mwaka. Makubaliano ya serikali kwa serikali hayakuguswa. Msumbiji ilikuwa nayo. Tanzania haikuwa nayo. Ng'ambo moja ya mto Ruvuma mbaazi zikabaki na mlango, ng'ambo ya pili mlango ukafungwa. Zao lililouzwa kwa zaidi ya shilingi 2,000 kwa kilo likashuka hadi shilingi mia chache, na wako wakulima walioacha mashamba bila kuvuna kwa kuwa gharama ya kibarua ilizidi bei ya gunia. Dengu zilifuata: Desemba 2017 India iliweka ushuru wa asilimia 30, na kufikia Machi 2018 ulikuwa asilimia 60.

Kwa mlaji wa Kalbadevi mwaka ule ulikuwa mzuri. Dali ilikuwa nzito.

Ukanda wetu wa pwani ulikuwa na dawa ndogo iliyojulikana zamani, nayo ni mbaazi za nazi na mahamri asubuhi. Bara, ambako mbaazi nyingi zinalimwa, zao hili lilikuwa la kuuza zaidi kuliko la kula, na hakuna soko la ndani linaloweza kuanzishwa kwa wiki mbili wakati magunia yamekwisha kufika ghalani.

Mei 2021 India ilifungua tena uagizaji huru wa mbaazi, na ruhusa hiyo imekuwa ikirefushwa kipande kwa kipande. Januari 2025, kwa mfano, ilirefushwa hadi 31 Machi 2026. Ushuru wa dengu uliondolewa Mei 2024, kisha ukarudishwa kwa asilimia 10 kuanzia Aprili 2025. Bei za mbaazi katika minada yetu ya stakabadhi ghalani zilipanda tena mwaka 2023 na 2024. Lakini ruhusa yenye tarehe ya mwisho si soko huru, na anayekopa benki kununua mbaazi aiangalie tarehe hiyo kabla ya kuangalia bei.

KIBAKULI KAMA KIPIMO

Mfanyabiashara aliyeko Mumbai anaweza kwenda Vashi, soko la jumla la nafaka na kunde lililoko Navi Mumbai, akauliza bei kwa madalali. Afanye hivyo. Lakini mlo wake wa mchana pia utamwambia mambo ambayo dalali hana haraka ya kuyasema.

La kwanza ni rangi na uzito wa dali. Mbaazi zikiwa ghali, wapishi huchanganya kunde za bei ya chini. Desemba 2023 India iliondoa ushuru wa njegere kavu za njano, ambazo Kanada na Urusi huzizalisha kwa wingi, na njegere hizo huingia katika nafasi ya dengu kwenye unga wa kukaangia na katika nafasi ya mbaazi kwenye sufuria ya mwenye kubana matumizi. Ulimi uliozoea huitambua: dali ya mbaazi ina utamu wake na huyeyuka, ya njegere hubaki na unga unga. Mgahawa uliohama kwenda kwenye njegere hautarudi kwenye mbaazi mara moja, hata bei ikishuka kidogo. Muuzaji wa mbaazi anayefurahia bei kubwa afikirie hilo pia.

La pili ni siku za mfungo. Katika mwezi wa Shravan, unaoangukia Julai na Agosti, na katika siku tisa za Navratri, Wahindu wengi huacha nafaka na kunde. Migahawa huweka ubao wa chakula cha mfungo, na kilichomo ni viazi, karanga na *sabudana*, punje nyeupe za wanga wa mihogo zinazotengenezwa zaidi huko Salem, jimbo la Tamil Nadu. Mpenda chakula afuate ubao huo. Kitumbua cha sabudana na karanga kilichokaangwa, kikiliwa na mtindi, ni kitu cha kukumbukwa. Mwenye shamba la mihogo Mkuranga au Tanga anaweza kukitazama kwa jicho la pili, maana muhogo mkavu tunaouza kwa bei ya chakula cha mifugo, wenzetu wameugeuza chakula cha ibada.

La tatu ni *undhiyu*. Chakula hiki cha Wagujarati wa Surat hupikwa miezi ya baridi tu, kuanzia Desemba hivi, na kilele chake ni sikukuu ya tiara ya 14 Januari. Ni viazi vikuu vya zambarau, biringanya ndogo, ndizi, maharage mabichi na vitonge vya unga na majani ya uwatu, vyote vikapikwa taratibu kwa mafuta mengi. Ndani yake mna mbaazi mbichi za kijani, zilizobanduliwa ganda asubuhi ile. Migahawa ya Kalbadevi na Bhuleshwar hubandika matangazo yake mlangoni, na wateja hubeba nyumbani kwa kilo.

Mla mboga aliyepo Mumbai wakati huo ana bahati, aagize sahani mbili. Lakini kama bado ana magunia ya mbaazi kavu Mtwara yanayosubiri meli, zile mbaazi za kijani kwenye sahani yake zimetoka katika mashamba ambayo wiki chache baadaye yatavunwa kavu, na mnunuzi wake wa Vashi anakula sahani hiyo hiyo.